Ua la sebuleni halina njaa, linakosa usiku

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowasumbua watu wengi wa Goma wanaopenda maua ya ndani. Mtu ananunua kalankoe au violeti iliyojaa maua, anaiweka sebuleni, maua yanakauka baada ya wiki kadhaa, halafu basi. Majani yanazidi kuota, mapana na ya kijani, mwaka unapita bila hata kitumba kimoja. Hapo ndipo washauri wanapojitokeza: tia samadi ya kuku, tia urea, mwagia maji ya maganda ya ndizi, nyunyiza majivu. Ushauri huo ndio unaoua vyungu vingi mjini hapa, na nawaomba wasomaji wako wauache.

Mmea wenye majani mengi ya kijani na usio na kitumba hauna njaa. Umeshiba. Unachongojea ni ishara ya kwamba wakati wa kuzaa umefika, na kila aina ina ishara yake: huu unataka usiku mrefu, ule unataka mwanga wa mchana, mwingine unataka wiki kadhaa za ukame. Maelekezo mengi tunayosoma kwenye simu yameandikiwa nchi za Ulaya, ambako majira yenyewe hupeleka ishara hizo: siku zinafupika, baridi inaingia, jua linahama dirisha. Sisi tuko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Hapa majira hayatufanyii kazi hiyo, tunaifanya kwa mikono yetu.

Nianze na kalankoe na poinsetia, kwa kuwa ndizo zinazolalamikiwa kuliko zote kila Noeli inapokaribia. Mimea hii miwili hupima usiku. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya tumbaku: miche iliyoingizwa gizani mapema ili siku yake iwe fupi ilichanua, na ile iliyoachwa kwenye siku ndefu iliendelea kurefuka tu. Mwaka 1938 Hamner na Bonner, kwa kutumia mmea mwingine, wakaonyesha kwamba kinachohesabiwa hasa ni urefu wa giza, na kwamba mwanga wa muda mfupi katikati ya usiku unaweza kuharibu hesabu yote.

Sasa tuutazame usiku wa Goma. Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili; tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka haifiki robo saa. Ukiondoa mwanga wa mapambazuko na wa machweo, giza linalobaki ni pungufu ya saa 12. Kalankoe na poinsetia huanza kutunga vitumba giza likifika kama saa 12, na hufanya hivyo bila kusitasita likifika saa 14. Kwa hiyo usiku wetu wa asili uko mpakani hasa. Halafu sisi tunawasha taa ya sebule jua linapozama na kuizima saa tano usiku. Mmea uliopangwa kando ya televisheni unapata usiku wa saa saba. Hata ukiupa mbolea ya nchi nzima, hautachanua.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho atafute poinsetia iliyopandwa nje karibu na taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Msimu wa kubadilika rangi ukifika, upande uliojificha nyuma ya ukuta unakuwa mwekundu, na matawi yanayoitazama taa yanabaki kijani. Mzizi ni mmoja, udongo ni mmoja, mvua ni ileile. Kilichotofautiana ni giza tu. (Na ile nyekundu tunayoiita ua ni majani, maua yenyewe ni vile vifundo vidogo vya manjano katikati.)

Tiba yake haihitaji pesa. Tafuta katoni inayoweza kuufunika mmea wote bila kugusa majani. Ziba tundu za kushikia kwa karatasi nene, kisha ingiza kichwa ndani ukiwa juani: ukiona mwanga unapenya popote, ziba tena. Saa kumi na moja jioni funika, saa moja asubuhi funua na upeleke chungu dirishani. Mchana mmea upate mwanga mkali, kwa sababu giza la usiku ni ishara tu, chakula cha kujenga maua kinatokana na mchana. Watu wengine huufungia mmea stoo usiku na mchana kwa wiki nzima wakidhani wanausaidia. Huo wanaunyima chakula, na majani yataanguka. Usimwagilie jioni kabla ya kufunika, maana unyevu uliofungiwa ndani ya katoni huleta ukungu wa kijivu kwenye vikonyo.

Kalankoe ifanyiwe hivyo kwa wiki 6 mfululizo, kisha iachwe. Maua yatafunguka kati ya wiki ya 10 na ya 13 tangu ulipoanza. Poinsetia inataka wiki 8 hadi 10, na katoni isiondolewe kabla majani ya juu hayajakolea rangi. Anayeitaka nyekundu kwa Noeli aanze tarehe 1 mwezi wa kumi. Ukisahau usiku mmoja unachelewa kidogo, ukisahau mara kwa mara hutaona kitu. Na ipogolewe mapema, mwezi mmoja kabla ya giza kuanza: kata kila tawi ubakize vifundo vitatu au vinne, kwa sababu kitumba hukaa kwenye ncha changa, na ncha nyingi ndizo maua mengi. Jambo moja wauzaji hawalisemi: kalankoe na poinsetia nyingi zinazotoka kwenye mashamba makubwa ya biashara zimepewa dawa ya kuzuia urefu. Dawa hiyo ikiisha nguvu, mwaka wa pili mmea unarefuka mara mbili. Hauna ugonjwa. Ndio umbo lake halisi, na dawa yake ni makasi.

Violeti ya Afrika haijali urefu wa usiku. Hii inataka mwanga wa mchana, na hapa ndipo nyumba zetu zinapoishinda. Asili yake si mbali: ni milima ya Usambara kule Tanga, ambako Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hilo, aliiona mwaka 1892 na kupeleka mbegu Ujerumani. Huko kwao huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, mwanga ukipenya katikati ya majani ya miti. Watu husikia neno kivuli wakaiweka kwenye kona ya sebule. Kivuli cha msituni kina mwanga mwingi kuliko kona yoyote ya nyumba ya mbao yenye dirisha dogo na rido mbili. Kipimo ni hiki: saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka chungu, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli cha mkono kikionekana chenye kingo laini, panafaa. Kisipoonekana kabisa, violeti itaishi pale lakini haitachanua. Kikiwa cheusi chenye kingo kali, majani yataungua.

Mmea wenyewe unasema. Vikonyo vya majani vikirefuka na kusimama wima kama vinatafuta kitu, unaomba mwanga. Majani ya katikati yakibanana, yakawa madogo, magumu na kupauka, umepewa jua au mbolea kupita kiasi. Violeti iliyoridhika hulaza majani yake duara, kama sahani. Hapa kwetu dirisha la mashariki ndilo bora: jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne halichomi. Dirisha la magharibi linafaa likiwa na rido nyepesi nyeupe. Ule ushauri wa Ulaya wa dirisha la kusini hauna maana kwetu, kwa kuwa jua letu liko upande wa kaskazini katikati ya mwaka, likahamia kusini mwishoni mwa mwaka. Na kabla ya kuhamisha chungu, futa vumbi. Vumbi jeusi la barabara zetu likikaa wiki tatu juu ya jani huziba mwanga kama pazia. Majani laini yafutwe kwa kitambaa kibichi; violeti ina manyoya, hiyo isuguliwe kwa brashi laini kavu.

Kosa la pili la violeti ni chungu kikubwa. Kipenyo cha chungu kiwe theluthi moja ya upana wa mmea: mmea wenye upana wa sentimita 24 unakaa kwenye chungu cha sentimita 8. Kinaonekana kidogo mno, lakini ndicho sahihi. Katika chungu kikubwa, udongo ambao mizizi haijaufikia hukaa na maji siku nyingi na kuoza. Kosa la tatu ni vichipukizi vya pembeni. Chunguza kwenye makwapa ya majani: kikitokea kichipukizi chenye majani manne bila kitumba, king'oe kwa ncha ya penseli. Ukikiacha kinakuwa kichwa cha pili, vichwa viwili vinagombania mwanga, na vitumba vinapungua. Kitumba chenyewe hutambulika kwa kijishina chembamba kilichojikunja kichwa chini, kwa hiyo usiharakishe kung'oa kabla hujatambua.

Nakuja kwenye maji, na hapa naomba wasomaji wanisikilize kwa makini, maana jambo hili ni letu sisi wa pembe hii ya ziwa na hutalikuta kwenye maelekezo ya kigeni. Maji mengi tunayotumia Goma, ya bomba na ya bidoni, yanatoka Ziwa Kivu. Maji ya juu ya ziwa hili yana pH (kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni kinyume cha uchachu) ya karibu 9, na yamebeba chumvi za sodiamu, magnesiamu na bikaboneti kwa wingi. Mimea mingi ya maua ya ndani inapenda udongo wa pH kati ya 5.5 na 6.5. Nje bustanini mvua inasuuza chumvi. Ndani ya chungu hakuna mvua. Maji yanapaa hewani, chumvi inabaki, na kila unapomwagilia unaongeza nyingine.

Dalili ya kwanza ni ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na juu ya udongo. Ya pili iko kwenye majani machanga ya juu: yanageuka manjano, lakini mishipa yake inabaki kijani, kama ramani ya mito. Hiyo ni njaa ya chuma. Chuma kimo udongoni, ila kwenye pH kubwa kinagandamana humohumo udongoni, na mizizi inashindwa kukinyonya. Mtu akiona umanjano huo anakimbilia mbolea, na anaongeza chumvi juu ya chumvi. Tofautisha na njaa ya naitrojeni, ambayo huanza kwenye majani ya zamani ya chini, nayo hugeuka manjano jani zima pamoja na mishipa yake.

Kuchemsha maji ya ziwa hakusaidii, sodiamu haiendi na mvuke. Kukamulia limau kunapunguza ile bikaboneti, lakini sodiamu inabaki palepale, na kiasi cha limau kinachohitajika kwa ndoo moja ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Dawa ya kweli ni mvua. Acha robo saa ya kwanza ioshe mabati, kisha kinga. Pipa lifunikwe kwa kipande cha chandarua, tusifuge mbu kwa ajili ya maua. Kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane akiba ikipungua, changanya nusu kwa nusu na maji ya ziwa. Na mara moja kwa mwezi suuza chungu: kwa chungu kinachobeba lita 1 ya udongo, pitisha lita 3 za maji ya mvua polepole, kwa awamu tatu ndani ya nusu saa, yatokee chini na kumwagwa. Ukoko wa juu ukwangue kwanza utupe.

Tahadhari moja ya mvua yetu. Moshi wa milima yetu ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira, una gesi za kiberiti na florini, na mvua inayopita ndani yake huzishusha ikiwa na ukali wa asidi. Mara nyingi upepo unausukuma moshi kuelekea magharibi, Rusayo na Sake. Lakini siku unapotanda juu ya mji, au majivu yameanguka juu ya mabati, mvua ya siku hiyo iachwe ipite. Spathifilamu, lile ua lenye bendera nyeupe, na drasena huonyesha florini upesi sana: ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, kisha ukavu unashuka polepole. Jani likishaungua halirudi.

Kuhusu udongo tuna bahati ambayo hatuitumii. Penye miti hapana wajenzi. Wenzetu wa nchi nyingine wananunua punje za mawe mepesi kwa gharama ili udongo wa chungu upumue, na sisi tumekaa juu yake: mlima wa Nyiragongo umetumwagia lava mwaka 1977, 2002 na 2021, na changarawe nyeusi yenye vitundu iko kila mahali. Vitundu vyake hushika maji kidogo na hewa nyingi, ndicho mizizi inachotaka. Ichekeche ubakize punje zenye ukubwa kati ya mtama na mahindi, kisha uioshe mpaka maji yatoke safi, maana ule unga mweusi ukibaki huziba kama saruji. Changanya kopo 4 za udongo mweusi wa juu, kopo 3 za changarawe hiyo na kopo 2 za mboji iliyooza sawasawa, isiyo na harufu wala joto ukiingiza mkono. Kwa violeti na begonia, mizizi yao ikiwa myembamba, udongo upungue uwe kopo 2, wala vipimo vingine visibadilike.

Changarawe ichanganywe ndani ya udongo, isitandazwe chini ya chungu. Naisisitiza kwa sababu karibu kila mtu hufanya kinyume. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe yenye nafasi kubwa mpaka udongo wote ulio juu uwe umelowa chepechepe. Kwa hiyo tabaka la mawe chini linapandisha tope karibu na mizizi. Kinachotoa maji ni tundu. Ndoo ya rangi, kopo la maziwa ya unga, bidoni iliyokatwa, vyote vinafaa vikitobolewa tundu tano au sita za upana wa kidole kidogo. Chungu cha urembo kisicho na tundu kitumike kama koti tu: mmea ukae ndani ya kopo lake, na maji yaliyojikusanya chini yamwagwe baada ya nusu saa.

Mbolea sasa, kwa ufupi, maana nafasi yake ni ndogo. NPK 17-17-17, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, inayopatikana kwenye maduka ya kilimo inatosha: kijiko kimoja cha chai cha kusawazishwa, kama gramu 5, ndani ya lita 5 za maji, kila wiki mbili, juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Violeti na okidi zipewe nusu ya nguvu hiyo. Urea ni naitrojeni asilimia 46, inajenga majani, nawe ulikuwa unataka maua. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi ndani ya siku chache. Majivu yana potasiamu, ni kweli, na kwenye shamba lenye udongo mchachu ni mazuri. Lakini kwenye chungu kinachonyweshwa maji ya Kivu yanapandisha pH iliyokwisha kupanda. Maganda ya mayai vilevile. Maji ya maganda ya ndizi hayana nguvu ya maana, yanaleta visubi.

Okidi ile ya majani mapana mazito, falenopsisi, inaogopwa bure. Kinachoiamsha kuchanua ni ubaridi wa wiki kadhaa, mchana usiozidi nyuzi 25 na usiku wa chini zaidi, na Goma kwenye mita 1,500 inao ubaridi huo bila kutumia mashine. Inakufa kwa sababu inapandwa kwenye udongo. Mizizi yake kwao hushika magome ya miti, inataka hewa. Ipe vipande vya lava vya ukubwa wa yai la njiwa vilivyochanganywa na vipande vya makala na magome makavu. Angalia mizizi: ikiwa ya rangi ya fedha ina kiu, ikiwa ya kijani imekunywa. Mwagilia inapogeuka fedha tu, asubuhi, na maji yasibaki kwenye moyo wa majani. Yakibaki usiku wetu wa baridi yanaozesha kiini na mmea umekwisha. Maua yakianguka na shina likiwa bado kijani, kata juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, mara nyingi litatoa tawi jingine la maua.

Amarilisi inataka ukame. Iache kitunguu chake theluthi moja nje ya udongo, uilee majani kwa miezi mingi kwenye mwanga mkali, kwani kwa kawaida hutunga ua moja ndani ya kitunguu kila baada ya majani manne hivi. Yenye majani mawili matatu ya uchovu haina kitu ndani. Mwezi wa sita acha kumwagilia kabisa kwa wiki 8 hadi 10, kiangazi chetu kinakusaidia, kisha mwagilia mara moja na usubiri ncha. Klivia nayo ipewe wiki 6 hadi 8 za maji ya kudokeza tu, na isihamishwe chungu: inachanua mizizi ikiwa imebanana. Spathifilamu uliyoinunua ikiwa na maua huenda ilipuliziwa homoni shambani ili ichanue mapema, kwa hiyo isipochanua mwaka wa kwanza nyumbani usiilaumu, isogeze dirishani tu na uivumilie.

Wengine wanasema vitumba vinakuja lakini vinadondoka kabla ya kufunguka. Waangalie mbabula iko wapi. Makala yanayowaka vibaya hutoa ethilini, gesi ileile inayotoka kwenye ndizi zinazoiva, na kwa kitumba gesi hiyo ni amri ya kudondoka. Okidi na kalankoe huisikia haraka. Chungu kisikae chumba kimoja na mbabula, wala karibu na kapu la matunda. Sababu nyingine ni kukauka kabisa kisha kugharikishwa, na kugeuzageuza chungu mmea ukiwa umeshaelekeza vitumba kwenye mwanga. Weka alama kwa chaki upande wa dirishani. Ukikitoa kusuuza, kirudishe kilivyokuwa.

Unapopogoa, matawi ya kalankoe na vitunguu vya amarilisi na klivia visitupwe kwa mbuzi wala sungura, vina sumu. Maziwa ya poinsetia yanawasha ngozi na macho. Osha mikono, na watoto wakae mbali.

Ombi langu la mwisho ni kwa ndugu zetu wanaouza maua kando ya barabara na sokoni. Kila chungu mnachouza kitobolewe tundu kabla hakijamfikia mama aliyetoa pesa yake, na mwambieni kwa mdomo mambo mawili: kama mmea huu unataka giza au mwanga, na kwamba asiunyweshe maji ya ziwa matupu. Anayeuza poinsetia amuongezee na katoni aliyokuja nayo. Mnazo nyingi nyuma ya meza zenu.

Mwotesha maua ya vyungu,
Himbi, Goma